Goma: Mama aliyekimbia Kibumba apanda karoti kwenye kiwanja cha wenyewe

Mwisho wa mwezi wa nane, kiangazi kinapoisha huku Kivu Kaskazini, akina mama wengi wa Goma hutayarisha bustani ndogo nyuma ya nyumba. Wengi hupanda lengalenga, kwa sababu baada ya wiki tatu ao nne inaingia chunguni. Mama mmoja anayeishi na watoto wake wanne kwa familia iliyowapokea Ndosho, yeye alichagua karoti.

Anatoka Kibumba, teritware ya Nyiragongo, kwenye udongo unaojulikana kwa karoti, kabichi na viazi vinavyoteremka hadi soko la Virunga. Alikimbia vita mwaka 2022, akaishi kambini Kanyaruchinya. Kambi zilipovunjwa mwezi wa pili 2025, hakuweza kurudi: nyumba yake haina tena bati.

Familia zilizohama zinajua ugumu wa jambo hili. Ukipanda lengalenga kisha ukaambiwa utoke, umeshakula mara mbili. Karoti inaomba miezi mitatu, hata minne penye baridi. Tena haipendi kuhamishwa: ukiing'oa ikiwa changa na kuipanda kwingine, mzizi wake unagawanyika ao unajikunja.

Kwa hiyo, kabla ya kununua mbegu, alienda kwa mwenye kiwanja, mzee ambaye yeye anamwita papa. Hakuomba udongo peke yake, aliomba pia muda: kuanzia mwezi wa tisa hadi wa kumi na mbili. Mzee alisita. Jirani alikuwa amemwambia kwamba mkimbizi akishapanda, hataondoka tena.

“Papa, hata mimi ninaomba siku ya kuondoka,” mama akamjibu. “Karoti hizi ni za kununua bati. Hata bati mbili ni mwanzo.”

Walipatana mbele ya shefu wa nyumba kumi. Theluthi moja ya mavuno ni ya mwenye kiwanja. Kama mama atalazimika kuhama mbele ya mavuno, watu wa nyumba watavuna, watauza, na kumtumia sehemu yake kwa simu.

Kisha ikaja kazi ya mawe. Ndosho, kama sehemu nyingi za Goma, imejengwa juu ya mawe ya volkano. Yeye na watoto waliyatoa moja moja mpaka kina cha sentimita 30. Pale mwamba ulipokataa, walibeba udongo na kuinua tuta. Walitia mboji iliyooza kabisa, kwani mavi mabichi ya mbuzi hufanya karoti iote vidole.

Mbegu ni ndogo sana, kwa hiyo aliichanganya na mchanga mkavu ili isianguke pamoja. Aliifukia kwa kina kisichozidi sentimita moja, akafunika mistari kwa majani makavu, akanyunyizia maji asubuhi na jioni. Karoti inaweza kukaa wiki mbili, hata tatu, bila kuonekana. Wengine hukata tamaa na kulima tena juu yake. Yeye alifunua majani makavu alipoona miche inatokea.

Miche ilipofikia urefu wa kidole, aliipunguza, akiacha nafasi ya sentimita 5 kati ya mmoja na mwingine. Binti yake mkubwa alinung'unika: kwa nini kung'oa chakula wakati nyumbani hakitoshi? Mama alimwambia kwamba ikibanana, yote itabaki nyembamba kama nyuzi, na hakuna atakayeinunua. Pembeni alikuwa amepanda mistari miwili ya lengalenga, na hiyo ndiyo wanayokula na bugali kwa sasa.

Sasa mvua inanyesha na bidoni zimepumzika. Kazi iliyobaki ni kupalilia, na kufunika kwa udongo vichwa vya karoti vinavyochungulia, visije vikawa vya kijani na vichungu. Zile zitakazovunjika hazitapelekwa sokoni, watoto watazila zikiwa zimepikwa na mafuta kidogo, ambayo husaidia mwili kupata vitamini A.

Kwa familia zingine zinazolima kwa watu, ndugu msikilizaji, mfano wa mama huyu uko wazi. Mbegu ya karoti inapatikana sokoni. Miezi mitatu hupatikana kwa mwenye kiwanja, na inafaa kuiomba mapema, mbele ya mashahidi.