Nguzo Iliyovishwa Joho

Nilikwenda Baodingshan, penye michongo ya Kibuddha ya Dazu, mwaka 1986 kwa sababu tu basi lilikuwa na nafasi. Tulikuwa Watanzania wachache tukisomea uhandisi wa ujenzi Chongqing, China, na baadhi yetu tulilelewa madrasani Tanga. Kushinda siku nzima tukitazama masanamu halikuwa jambo la kumwandikia baba kwenye barua.

Basi lilipanda vilima vya Dazu kwa tabu, kisha tukateremka kwa miguu kwenye korongo la Dafowan, lililopinda mithili ya herufi U. Kuta zake za jiwe la mchanga zimechongwa karibu zote, kazi iliyosimamiwa na mtawa mzaliwa wa huko, Zhao Zhifeng, na iliyofanyika kati ya mwaka 1174 na 1252.

Wenzangu walikimbilia kwa Buddha aliyelala, mwenye urefu wa mita 31, ambaye miguu yake haikuchongwa kabisa. Mimi nilinasa kwenye sanamu tatu zilizosimama, kila moja kama mita saba, zimeinama mbele kumtazama apitaye chini. Mmoja wao, mtakatifu wa Kibuddha aitwaye Wenshu, amenyoosha mikono kushika mnara wa jiwe wenye uzito unaokaribia nusu tani. Karne nane, na haujadondoka! Nilizunguka huku na huku mpaka nikang'amua: mikunjo ya joho inateremka kutoka mikononi hadi miguuni, na ndiyo inayobeba mzigo. Ni nguzo, ila imevishwa nguo. Mwaka mzima wa hesabu za mihimili haukuwahi kunifurahisha namna ile.

Maji nayo mafundi walikuwa wameyafikiria, maana mvua za kule hazina mzaha na jiwe la mchanga huliwa na unyevu. Chemchemi ya juu ya genge waliielekeza itokee kinywani mwa joka linalomwogesha Buddha mchanga. Katika pango la Yuanjue, joka lililochongwa ukutani ni mfereji. Maji hudondokea kwenye bakuli la mtawa mzee wa jiwe. Juu ya mlango walitoboa dirisha ili mwanga uangukie sanamu inayopiga magoti katikati.

Guanyin wa mikono elfu, mtakatifu mwingine wa korongo lile, alikuwa amechakaa siku zile, dhahabu ikibanduka na vidole vingine havipo. Tuliambiwa mikono ni 1,007. Mafundi waliomkarabati kuanzia 2008 hadi 2015 walihesabu 830. Nimeona picha zake mpya: anameremeta kama duka la sonara, na sijamzoea.

Lakini tulichobishania sana kilikuwa mahali pengine. Kwenye sehemu ya jehanamu kuna mwanamke anayefungua tenga la kuku, uso umetulia, na kuku wawili wanagombania mnyoo. Amewekwa pale kuwaonya wafugao kwa ajili ya kuchinja, lakini fundi alimchonga kwa mapenzi zaidi kuliko watakatifu wengi wa korongo lile. Mwenzetu wa Dodoma, ambaye ada yake ya shule ililipwa na mabanda ya kuku ya mama yake, alikasirika kwelikweli.

"Yaani mama aingie motoni kwa sababu ya kuku?"

Mwongozaji wetu, mzee wa hapohapo kijijini, alipotafsiriwa swali alicheka, akasema mkewe naye anafuga, na mchana ule alitulisha mayai.