Barua kwa Shangazi kutoka Timau

Shangazi,

Mchango wako wa safari yetu ya baiskeli ya kuwachangia ndovu ulifika, na wa wenzako wa chama ukafika pia. Uliniuliza kwenye simu kwa nini watu wazima wachangishe pesa kwa ajili ya ndovu ilhali kuna watoto waliokosa karo. Sikukujibu vizuri siku ile kwa sababu mwenyewe nilikuwa sijafika huku. Sasa nimefika, na jibu ninalo.

Tulianzia juu ya Timau, pale msitu wa Mlima Kenya unapokoma na mashamba ya ngano kuanza. Baridi ya alfajiri huku hujawahi kuiona Mombasa: vidole vinakufa ganzi, breki hazishikiki. Ila mawingu yalikuwa hayajapanda, na mlima ulionekana wazi kuanzia shinani hadi kilele chake cha Batian, mita 5,199. Sisi tuko chini yake tunapulizia mikono. Walikuwepo walimu, wauguzi, wakulima, vijana wa vilabu vya baiskeli na mafundi wa Nanyuki waliokuja na pampu, spana na viraka bila kumtoza mtu hata shilingi.

Safari yenyewe ilikuwa ya kuteremka kwa barabara za changarawe, kando ya ushoroba wa ndovu, hadi msitu wa Ngare Ndare. Usidhani kuteremka ni kustarehe! Matrekta na malori ya mavuno yameichakaza barabara ikawa na matuta madogomadogo yaliyopangana kama mbao za kufulia, na ukipita juu yake meno yanagongana. Mafundi walitushauri tupunguze upepo kwenye tairi. Tairi iliyojaa sana hurukaruka juu ya kokoto, ile iliyolegea kidogo huishika ardhi. Kwenye kona wakatuonya tupunguze mwendo mapema, maana breki ya mbele ikibanwa ghafla juu ya changarawe, baiskeli inateleza na kukutupa chini. Vumbi ndilo halikuwa na dawa. Nimeoga mara mbili na bado lipo masikioni.

Tulipofika barabara ya lami iendayo Meru tukasimamishwa ili tuone kivuko. Shangazi, natamani ungekiona. Tangu zamani ndovu walikuwa wakipanda mlimani na kushuka hadi nyanda kavu za Samburu, wakifuata maji na malisho. Yakaja mashamba, zikaja nyua, ikaja lami. Ndovu hakuisahau njia yake, akawa anapita humohumo kwenye ngano na viazi vya watu. Ndipo shirika la Mount Kenya Trust, hifadhi ya Lewa na wenzao, pamoja na mashamba ya Kisima na Marania yaliyotoa ardhi, wakatenga njia ya kilomita 14 yenye uzio wa umeme kuume na kushoto. Pale inapokutana na lami, wakajenga kivuko chini ya barabara. Magari yanapita juu, ndovu anapita chini. Mwanzoni mwa Januari 2011, kivuko kikiwa kipya kabisa, dume mmoja aitwaye Tony akapita, na mamia wamefuata nyayo zake. Mwaka 2013 UNESCO nayo ikaongeza Lewa na Ngare Ndare kwenye Urithi wa Dunia wa Mlima Kenya, uliokuwa umeorodheshwa tangu 1997.

Sasa ile pesa yako. Nilimwuliza mlinzi mmoja wa uzio kazi yake ni nini hasa, akanionyesha panga. Nyasi zikikua zikagusa waya, umeme unavuja kwenda ardhini na uzio unapoteza nguvu. Ndovu naye ni mwerevu, husukuma nguzo kwa kichwa au huangusha mti juu ya waya. Kwa hiyo kuna watu wanaotembea kando ya uzio huo kila siku, wakifyeka, wakisimika nguzo, wakipima umeme. Wanahitaji mshahara, buti na makoti ya mvua. Mchango wako umekwenda huko, Shangazi: kufyeka nyasi. Na mimi naona hakuna matumizi bora zaidi.

Nasema hivyo kwa sababu ya mama aliyetugawia viazi vya kuchemsha na uji kwenye kituo cha maji. Zamani, alinieleza, msimu wa mavuno walikuwa wakilala shambani, baba na watoto wakubwa, wakipiga madebe usiku kucha. Asubuhi watoto wanasinzia darasani, na bado usiku mmoja tu wa ndovu wachache ulitosha kumaliza shamba. Siku hizi wanalala nyumbani. Viazi vile tulivyokula ndivyo vinavyolipa karo.

Ngare Ndare tulifika jua likiwa kali, baada ya mwiba wa mgunga kunitobolea tairi ya nyuma. Kijana wa Isiolo, ambaye hata hatukujuana, alishuka akanisaidia kuziba. Msitu una mierezi, mizeituni pori na madimbwi ya maji ya buluu kabisa. Nitakusimulia ukija.

Maana uje. Waandaaji wanataka watu wa kupika na kugawa maji mwakani, si lazima kupanda baiskeli, na nimeshawaambia kuwa kuna mama wa Mombasa ambaye pilau yake hawajawahi kuionja. Waulize wenzako wa chama nani anaweza kuandamana nawe, kisha unijulishe mapema nitafute malazi. Masweta nitawaazima.

Mpwa wako akupendaye.