Amana ya Msagaji

Unga una asili mbili, shamba na kinu. Shamba lina wasifu wengi: mkulima hutajwa kwa heshima, jembe lake huimbiwa, na mvua iliyootesha mbegu yake huombewa kabla na kushukuriwa baada. Kinu hakina bahati hiyo. Mara unga unapotiwa chunguni msagaji husahauliwa, na mlaji haulizi jina lake ila siku atakapouma mchanga. Walakini nafaka isiyosagwa haisongwi ugali, na mtu mwenye gunia zima la mahindi asiye na kinu aweza kulala njaa.

Programu za kompyuta zina tabia hiyo hiyo. Mtunzi wa programu huiandika kwa lugha ambayo wanadamu wenzake waliojifunza fani hiyo waweza kuisoma. Maandishi hayo ndiyo nafaka. Chipu ya kompyuta haiyafahamu hata kidogo. Yenyewe hutii maagizo ya tarakimu tu, na kila ukoo wa chipu una maagizo yake. Kwa hiyo sharti maandishi ya mtunzi yapitishwe katika programu nyingine iliyo kama mtafsiri, iyageuze kuwa maagizo ya mashine. Huko ndiko kusaga. Kazi hii hula kumbukumbu nyingi na muda mrefu. Mashine yenye nguvu huimaliza kwa dakika chache. Mashine dhaifu huenda ikakesha nayo, na alfajiri ikashindwa kwa kuishiwa kumbukumbu. Kilichosagwa hufungwa pamoja na jina lake, namba ya toleo lake, na orodha ya vitu vingine kinavyovitegemea, kikaitwa kifurushi. Mahali vifurushi vinapokusanywa, ili kila ahitajiye achukue bila ya kusaga mwenyewe, huitwa ghala.

Haja ya ghala za namna hii kwa wenye vyombo vidogo ilidhihirika tarehe 29 Februari 2012, kompyuta iitwayo Raspberry Pi ilipotolewa kwa wanunuzi huko Uingereza. Ilikuwa ubao mmoja wa ukubwa wa kadi ya benki, na bei yake ilikuwa dola 35 za Marekani. Eben Upton na wenzake wa Cambridge walioibuni walikuwa wamesikitika kuona vijana walioomba kusoma sayansi ya kompyuta wakipungua mwaka hadi mwaka, na wale waliokuja wakija na ujuzi mdogo kuliko waliowatangulia. Walitaka chombo ambacho mtoto aweza kukifungua, kukijaribu, na hata kukiharibu, bila ya mzazi wake kufilisika.

Urahisi wa bei ulikuwa na gharama yake. Chipu iliyochaguliwa ilikuwa ya ukoo wa ARM, lakini ya kizazi cha sita, wakati ambapo kizazi cha saba kilikuwa kimekwisha kuenea. Ilikuwa na megabaiti 256 tu za kumbukumbu. Hata hivyo ilikuwa na kiungo chake maalumu cha kufanyia hesabu za desimali kwa haraka. Mfumo wa Debian, ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993 na kutunzwa na watu wa kujitolea, ulikuwa na ghala mbili zilizohusika. Ya kwanza, iliyoitwa armel, ilisagwa kwa namna ya kuzifaa hata chipu zisizo na kiungo cha desimali. Ikitumika, kiungo hicho kilikaa bure na hesabu zikapitia njia ndefu. Ya pili, armhf, iliyokuwa bado inatayarishwa, ilikitumia kiungo hicho vyema, lakini ilidai chipu ya kizazi cha saba. Basi mwenye chombo kidogo alisimama kati ya ghala mbili: moja ilimpa chini ya haki yake, na nyingine ilimfungia mlango.

Watu wawili, Mike Thompson na Peter Green, hawakutumwa na waundaji wa kompyuta ile, wala hawakungojea kutumwa. Waliazimu kuisaga Debian upya, yote, kwa ajili ya kizazi cha sita na kiungo chake cha desimali. Ghala yao waliiita Raspbian. Kwa maelezo yao wenyewe, vifurushi zaidi ya 35,000 vilikuwa vimekamilika katika mwezi wa Juni 2012, miezi minne tu baada ya kompyuta yenyewe kutoka.

Hesabu hiyo yaweza kumdanganya msomaji akadhani ya kuwa ni kazi ya kubonyeza na kungoja. Ugumu wa kwanza ni kutegemeana. Kifurushi hiki hakisagiki mpaka kile kiwepo, na kile hakisagiki mpaka hiki kiwepo; ni mgogoro wa kuku na yai unaorudi mara nyingi. Msagaji hana budi kuazima kifurushi kutoka ghala nyingine, akitumie kusagia cha kwanza, kisha arudi kukisaga upya kile alichoazima ili asiache kitu cha kigeni katika mali yake. Ugumu wa pili ni uchafu usioonekana. Agizo moja la kizazi cha saba likipenya katika kifurushi cha kizazi cha sita, hakuna dalili ya nje. Kifurushi hufunguka vizuri, programu huanza vizuri, kisha chipu hufika mahali pa agizo lile isiloliweza, na programu hufa ghafula. Tena uchafu huo huambukiza, kwa kuwa vifurushi vingine humeza vipande vya kile kilichochafuka. Kwa sababu hiyo kila kitokacho kinuni sharti kichunguzwe alama zake kabla ya kuingizwa ghalani, kama vile mama achekechavyo unga hata kama msagaji ni ndugu yake.

Uamuzi wa kusaga kwa kizazi cha sita ulileta neno la haki miongoni mwa watumiaji. Mwaka 2015 na 2016 zilitoka kompyuta za ndugu zake, Raspberry Pi 2 na 3, zenye chipu za vizazi vipya. Hizi ziliweza kukimbia zaidi lau zingesagiwa peke yake. Wenye ghala walibaki na unga mmoja kwa wote. Msafara ulitembea kwa mwendo wa mtoto mdogo, na watu wazima wakalalamika ya kuwa miguu yao inapotezwa bure. Lalamiko hilo halikuwa la uongo. Lakini mwezi wa Novemba 2015 ilitoka Raspberry Pi Zero kwa dola 5, na ndani yake mlikuwa na chipu ile ile ya kizazi cha sita. Kompyuta iliyokuwa rahisi kuliko zote kwa maskini ilikuwa inategemea uamuzi uliodhaniwa kuwa umepitwa na wakati. Lau msafara ungalikuwa umekwisha kumwacha mtoto, kompyuta hiyo ingalitoka ikakuta ghala tupu.

Mwaka 2017 kazi ya namna hii ilianzishwa katika sehemu nyingine. Lugha ya Python ina ghala yake kuu, PyPI, ambamo watunzi wa dunia nzima huweka kazi zao. Wengi wao huweka pia vifurushi vilivyokwisha kusagwa, lakini kwa mashine walizo nazo wao, yaani kompyuta kubwa za mezani na za seva. Mwanafunzi mwenye ubao mdogo, akitaka maktaba ya hesabu kama NumPy au SciPy, alipewa nafaka na kuachiwa kinu chake cha mkono. Aliweza kungoja masaa mengi, na mwisho wa kungoja akapata maneno ya kushindwa. Mtu wa namna hiyo si rahisi kurudi. Hudhani kosa ni lake, au ni la ubao, na hamu ya kujifunza iliyomleta humtoka.

Ben Nuttall na Dave Jones waliliona jambo hilo wakaanzisha piwheels. Jina hilo limetokana na jina la kifurushi cha Python, ambacho huitwa gurudumu kwa Kiingereza. Nalo ni gurudumu la jibini, kwa kuwa ghala ya PyPI iliwahi kupewa jina la utani la duka la jibini. Walisaga kwa Raspberry Pi zenyewe, zilizowekwa katika nyumba ya seva ya kampuni ya Mythic Beasts, badala ya kuazima nguvu za mashine kubwa za ukoo mwingine. Hivyo kilichosagwa kilijaribiwa na chipu ya aina ile ile itakayokila. Katika toleo la Raspbian la mwaka huo wa 2017 anwani ya ghala hiyo ilikuwa imekwisha kuandikwa ndani ya mfumo. Mwanafunzi aliandika agizo lile lile la zamani, na kazi iliyomkesha jana ikamalizika katika muda mfupi, wala hakuambiwa ni nani aliyemfanyia.

Kuna jambo dogo katika kazi hiyo linalofunza mengi. Kifurushi kilichosagwa katika Raspberry Pi 3 kilijiandika jina la kizazi cha saba, kwa kuwa mashine yenyewe ilijitambulisha hivyo. Lakini mtafsiri wa Raspbian hutoa maagizo ya kizazi cha sita popote atumikapo. Kwa hiyo wenye ghala walikiweka kifurushi kile kile kwa majina mawili, ili wenye bodi za zamani nao wakipate. Kubandua lebo na kubandika nyingine ni kazi aijuayo hata mwuzaji mdanganyifu. Tofauti iko katika ujuzi wa kilichomo: mdanganyifu hubadili lebo ili mnunuzi asijue, na mwenye ghala aliibadili kwa sababu alikuwa anajua.

Hapo ndipo neno la amana linapoingia. Achukuaye nafaka aweza kuichambua kwa macho yake. Achukuaye unga hana la kuchambua. Kila anayepakua kifurushi kilichosagwa humkabidhi msagaji mashine yake, barua zake na siri zake. Debian na jamaa zake wana desturi ya muhuri kwa ajili hiyo. Kila kifurushi hupigwa hesabu itoayo tarakimu ya pekee. Tarakimu zote huandikwa katika orodha. Orodha nayo hupigwa hesabu, na hati ya mwisho hutiwa sahihi kwa ufunguo wa siri wa mwenye ghala. Baada ya hapo kifurushi chaweza kupita katika seva za watu wasiojulikana, na mpokeaji akagundua kama herufi moja imeguswa njiani. Lakini muhuri huthibitisha nani aliyefunga tu. Hauthibitishi kwamba aliyefunga alisaga nafaka safi.

Mwezi wa Machi 2024 dunia ilionyeshwa tofauti hiyo. Andres Freund, mtaalamu wa programu, aliona ya kuwa kuingia katika mashine yake kwa njia ya mbali kulichelewa karibu nusu ya sekunde kuliko kawaida. Hakupuuza. Alifuatilia mpaka akakuta sumu katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa amejitolea katika kazi hiyo tangu mwaka 2021, akajipatia imani ya mtunzaji wa zamani aliyekuwa amechoka, kisha akaitumia imani hiyo vibaya. Kichocheo cha kuiamsha sumu hakikuwamo katika maandishi yaliyoonekana na watu wote. Kilitiwa katika furushi lililopelekwa kwa wasagaji. Sumu ililenga chipu za ukoo mwingine, nazo bodi ndogo zikasalimika, tena toleo thabiti la Debian halikufikiwa. Lakini somo lilikuwa la wote. Wasagaji waaminifu walikaribia kuwalisha watu sumu kwa mikono safi.

Yamkini mtu atasema ya kuwa dawa ni kila mmoja asage mwenyewe. Ni shauri la heshima, na mwenye mashine kubwa na muda mwingi aweza kulifuata. Kwa mwenye ubao wa dola 5 ni sawa na kumwambia mwenye njaa akalime kwanza. Dawa iliyo karibu zaidi ni ile iliyoanza kushughulikiwa katika Debian mwaka 2013: kuhakikisha kwamba nafaka moja, ikisagwa na watu wawili wasiojuana kwa vyombo vya aina moja, hutoa unga ulio sawa hata chembe ya mwisho. Vikwazo vyake ni vidogo na vya kuudhi, kama saa ya kusaga kujiandika ndani ya kifurushi, au mafaili kupangwa kwa utaratibu usio mmoja. Vikiondolewa, uaminifu wa msagaji waweza kupimwa na jirani yake. Msagaji mwaminifu hapotezi kitu kwa kipimo hicho, na mwingine hawezi tena kujificha nyuma ya sifa zake. Wahenga walikwisha kuonya ya kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Katika mwezi wa Februari 2022 toleo la Raspberry Pi la biti 64 lilitangazwa rasmi, nalo huchukua vifurushi vya Debian bila ya kusagwa upya. Wenye nguvu katika msafara wakapata njia yao ya mbio. Hilo ni jema, lakini lilibadili sura ya waliobaki. Ghala ya kizazi cha sita, iliyokuwa ya wote, iliendelea kuwa tegemeo hasa la wale wenye bodi kongwe na zilizo rahisi kuliko zote, ambazo biti 64 haziziwezi. Kila ghala ya namna hii hufikiwa na swali lile: wangapi wakibaki, kinu kizimwe? Umeme hulipiwa, diski hujaa, matoleo mapya ya programu hayakomi kuja, na barua za watumiaji aghalabu ni za lawama. Asiyepata alichotaka huandika, aliyepata hukaa kimya.

Jibu la swali hilo halipatikani kwa kuhesabu vichwa peke yake. Kinu hakiwezi kusaga milele, na mwenye kinu ni mwanadamu mwenye kuchoka. Lakini aliyepokea amana ana wajibu wa kuirudisha kwa utaratibu: atangaze mapema, aonyeshe njia ya kusaga, aache nafaka na vipimo vyake mahali pa wazi ili mwingine akitaka aendeleze. Akifanya hivyo hata kufunga kwake kutakuwa utumishi. Mpaka siku hiyo, mahali fulani mtoto ataandika agizo moja katika ubao wake mdogo, na baada ya muda mfupi programu itaitika. Hatajua kwamba kuna mtu aliyekesha, na msagaji aliyeitimiza kazi yake vyema hatahitaji ajue.