Mchanga Tulioula

Binamu yangu aliyehamia Minnesota, Marekani, aliniambia jambo lililonichekesha. Kule, wakati wa baridi kali, maji ya ng'ombe hugeuka jiwe ndani ya hori. Mfugaji huamka alfajiri kuvunja barafu kwa shoka, au hutia chombo cha umeme cha kuyapasha moto. Maji yapo, lakini mnyama hawezi kuyanywa!

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Kwani sisi wa Kitui na Makueni hatuna taabu ya namna hiyo? Maji yetu nayo hujificha. Mvua za vuli na za masika zikipita, mito yetu hubaki barabara za mchanga. Mgeni akiitazama atasema hapa hakuna hata tone. Mwenyeji huchukua jembe na karai, akaenda kuchimba.

Mimi nilizaliwa Kitui, karibu na mto Tiva. Nilikuwa mtoto mwaka 1984, ile njaa tuliyoiita Nikw'a ngwete, yaani nakufa na pesa ninazo mkononi. Nyanya yangu ndiye aliyenifundisha kuchimba. Alitafuta mahali ambapo mwamba umekatiza mto, akachimba upande wa juu wake, kwa kuwa maji yanayotambaa chini ya mchanga huzuiliwa hapo. Shimo alilichimba pana, kuta zikiwa na mteremko, kwa sababu mchanga hauna huruma na unaweza kumfukia mtu. Alilizungushia miiba. Mbuzi hawakuruhusiwa kutia midomo ndani. Tulichota kwa kata, tukawamiminia kwenye hori lililochongwa kwa gogo. Asubuhi za Julai, ukungu ukiwa umetanda na vidole vimekufa ganzi, maji yale yalikuwa na uvuguvugu, na ng'ombe waliyanywa kwa pupa.

Niliolewa Makueni, karibu na mto Thwake, nikaja na elimu hiyo. Hebu tufanye hesabu pamoja. Ng'ombe wetu mmoja wa kienyeji huhitaji kama lita 30 kwa siku wakati wa kiangazi. Tulikuwa nao wanne: lita 120. Mbuzi kumi, kila mmoja lita 5: lita 50. Punda wawili, lita 15 kila mmoja: lita 30. Jumla ni lita 200, yaani mitungi kumi ya lita 20, kabla binadamu hajaosha hata kikombe! Kisima chetu cha mtoni kilikuwa mwendo wa dakika kumi tu. Mifugo ilijiendea yenyewe kunywa.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Mwaka 2012 kijana wetu wa kwanza alipata nafasi ya kidato cha kwanza. Karo hatukuwa nayo. Shemeji yangu alikuja jioni moja akasema malori yanatafuta mchanga wa kujengea mjini, na mto ulio mbele ya shamba letu umejaa. Mume wangu alisita. Mimi sikusita. Nilimwambia, "Baba, mchanga ni uchafu wa mvua. Mvua ijayo italeta mwingine." Malori yakaja. Kijana akaenda shule na sanduku jipya.

Septemba ya mwaka uliofuata nilichimba mahali pale pale. Jembe liligonga mwamba kabla maji hayajafika kwenye kifundo cha mguu. Nikasogea, nikachimba tena. Mwamba. Mchanga ndio uliokuwa tangi letu, na tangi tulikuwa tumelipakia kwenye lori.

Kuanzia siku hiyo tulifuata maji kilomita tisa. Ng'ombe walikunywa siku moja, wakaruka siku moja. Maziwa yalikatika. Mtamba wetu mwekundu, ambaye mama mkwe alikuwa amemwahidi binti yangu, alilala njiani akirudi, hakuinuka. Mama mkwe hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, mmeuza mtungi na maji yake ndani." Maneno hayo yaliniuma kuliko fimbo.

Msomaji, sikuandiki haya ili unihurumie. Nataka ujue tulivyotoka. Mwaka 2015 Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga na kuusimamia uchimbaji wake. Sheria ni nzuri, lakini hairudishi mchanga. Sisi tuliunda mwethya, ule umoja wetu wa Wakamba wa kusaidiana kazi, tukajenga bwawa la mchanga. Jirani zetu wa Kitui walitutangulia, kwani huko shirika la SASOL limejenga mamia ya mabwawa hayo pamoja na wanavijiji tangu miaka ya 1990.

Kazi yenyewe ni hivi. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa kukatiza mto, juu ya mwamba mgumu. Mafuriko yakija, udongo mwepesi huruka ukuta, mchanga mzito hukaa. Baada ya misimu kadhaa ya mvua, nyuma ya ukuta hujaa mchanga, na kati ya chembe zake maji huweza kuchukua robo ya nafasi yote au zaidi. Jua haliyafikii yaliyo chini, wala mbu hatagi humo. Akina mama tulibeba mawe, wanaume wakachanganya saruji. Shemeji yangu, yule wa malori, hakukosa hata siku moja. Sikumwuliza sababu. Nami nilikuwa na yangu.

Leo mifugo yetu hunywa kwenye hori lililo chini ya ukuta, mbali na kisima cha nyumbani, ili kinyesi kisiingie. Kijana amemaliza masomo na anafanya kazi. Binti nilimnunulia mtamba mwingine, mweusi. Aliupokea kwa shukrani, lakini aliuliza kama ule mwekundu ungekuwa na ndama wangapi sasa.

Basi ewe mwenye shamba kando ya mto, mwenye lori akija na noti mkononi na karo inakusumbua, usijibu siku hiyo. Chukua jembe kwanza, shuka mtoni, chimba mpaka uone maji. Ukishayaona, ndipo urudi ukamjibu.