Kompaila inakaa kimya, kitabu chake kinasema (Sehemu ya 4)

Sehemu ya 4 hii hapa, wakuu. Wengi mmeniuliza inboksi: "Dada, ukikwama saa nane usiku na bando limekata, unamuuliza nani?" Naiuliza kompaila yenyewe.

Kwa waliochelewa: natumia gcc, ile aliyoianzisha Richard Stallman, toleo la kwanza likatoka 1987. Unaipa maandishi ya lugha ya C, inakugeuzia kuwa programu. Haina vitufe vya kubofya, kila kitu unaandika kwenye terminali, ndiyo maana wengi wanaikimbia. Lakini msaada wake wote unaweza kukaa ndani ya laptopu, intaneti iwepo isiwepo.

Ukiandika gcc --help unapata orodha fupi. Kitabu chenyewe ni man gcc, nacho ni kirefu kwelikweli. (Wa Debian, nyie kitabu mnakiweka wenyewe, kipo kwenye furushi la gcc-doc. Wekeni mapema bando likiwepo.) Usikisome chote. Kuna nesi anayesoma kile kikaratasi cha ndani ya boksi la dawa kuanzia juu mpaka chini? Unaenda moja kwa moja kwenye dozi, au kwenye nani asipewe. Huku nako bonyeza alama ya /, andika unachotafuta, kisha n ikupeleke panapofuata. Kutoka ni q. Tatizo ni kwamba neno moja linatajwa sehemu nyingi, utazunguka mpaka uchoke. Andika hivi: /^ *-Wall. Hapo unaiambia itafute mwanzo wa mstari tu, na mara nyingi ndipo maelezo yenyewe yalipo. Ukikuta kitu kwenye mabano ya mraba, maana yake si lazima.

Sasa kilichonifanya nikifungue kitabu hiki kwa hasira.

Mdogo wangu yuko chuo, aliniandikia programu ya kukokotoa mililita za sindano kwa watoto wachanga. Aliipitisha gcc na -Wall, ambayo jina lake linakufanya uamini inatoa maonyo yote. Haikutoa hata onyo moja. Wenzangu wakafurahi, wakataka iwekwe kwenye kompyuta ya wodi siku hiyo hiyo. Nikawaambia subirini kwanza.

Nikaipa mtoto wa kilo 3, jentamaisini ya miligramu 40 kwa mililita, daktari kaandika miligramu 5 kwa kilo. Jibu nalijua kwa kichwa: miligramu 15, yaani mililita 0.375. Programu ikajibu 0.

Sifuri! Mtoto mwenye maambukizi apewe sifuri.

Nikafungua kitabu kwenye -Wall. Maelezo yanaorodhesha maonyo inayowasha, halafu yanasema wazi kuwa yapo mengine ambayo haiwashi. Ipo na -Wextra ya kuongezea, nikaiweka, bado kimya. Nikaandika gcc --help=warnings, inatoa maonyo yote na maelezo ya mstari mmoja mmoja, nikashuka nayo taratibu hadi -Wconversion: inahusu thamani inayoweza kubadilika pale namba ya aina moja inapoingizwa kwenye aina nyingine. Nikaiongeza kwenye amri. Papo hapo gcc ikataja namba ya mstari wenye shida. Huu hapa:

int ml = uzito * 5.0 / 40.0;

int ni chombo cha namba nzima tu. Ukimimina 0.375 inakata desimali, inabaki 0. Haikadirii kama tunavyokadiria matone ya dripu, inakata tu. Dogo akabadilisha int kuwa double, jibu likaja 0.375.

Kuna amri nyingine naipenda: gcc -Q --help=warnings. Hii inakuonyesha lipi limewashwa na lipi limezimwa. Ijaribuni leo, mtashangaa yaliyozimwa yalivyo mengi.

Ila msije mkalala usingizi kwa sababu ya -Wconversion. Ukigawanya namba nzima kwa namba nzima, mfano 1 kwa 2, C inakupa 0, na hata hilo onyo halitasema kitu. Kwa hiyo programu bado iko kwenye laptopu yangu, naendelea kuijaribu kwa majibu ninayoyajua. Wodini tunakokotoa kwa kalamu, mmoja anapiga, mwenzake anarudia, wote wanasaini.