Wanja wa Mtu Mzima

Mwana Kupona binti Msham alipotunga utendi wake mwaka 1858 alikuwa mgonjwa, alikuwa mjane, na umri wake ulikuwa unakaribia miaka hamsini. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Binti yao, Mwana Hashima, alikuwa angali mwari, na mama hakuwa na hakika ya kuiona siku ya kumpeleka kwa mume. Kwa hiyo alimwachia kile ambacho wezi hawakiibi wala mchwa hawakili, nacho ni maneno.

Wapenzi wa ushairi wanazijua zile beti za mapambo. Mama anautaja wanja, anaitaja hina, anataja pete na kidani, marashi na dalia, na anamuusia bintiye asiviache. Ni beti zinazonukia. Aghalabu hutajwa kuwa ushahidi wa namna mwanamke wa pwani alivyojitunza, na ushahidi huo ni wa kweli. Lakini katika beti zote zile, zipatazo mia moja, mtunzi hasemi yeye mwenyewe siku ile alikuwa amevaa nini. Wanja anaoujua hivyo, kiasi cha kuujengea ubeti, alikuwa bado anautia machoni mwake, au alikuwa amekwisha kuufungia kasha?

Utendi haujibu, kwa kuwa pambo ndani yake limefungwa kwenye jicho la mume. Mke hujipamba ili mume aridhike, na radhi ya mume ni njia ya pepo. Hayo ndiyo mafunzo ya zama zile na hapana haja ya kugombana nayo leo. Linalobaki ni swali ambalo kila nyumba ya pwani hulikuta siku moja: lile jicho likifumba, pambo linakuwa la nani?

Sheria imeliwekea swali hili mpaka ulio wazi. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, na katika muda huo haweki wanja, hatii hina, hajifukizi udi, wala havai nguo ya kujipamba. Siku ya mwisho ikipita hukoga, hutolewa eda, na yote aliyoyaacha humrudia kuwa halali. Sheria haimdai hata saa moja zaidi. Mila ndiyo inayodai. Aliyefiwa na mume akiwa na miaka ishirini na mitano, wanawake humzunguka kwa hina na asmini kabla jua halijachwa, kwani bado yumo sokoni, kama wasemavyo wenye ulimi mkali. Aliyefiwa akiwa na miaka hamsini na saba hutolewa eda kwa dua na chai, kisha kila mtu hurejea kwake, na hakuna amuulizaye kama kichupa cha wanja bado kina kitu.

Mwanamke mmoja wa Vikokotoni, mjini Unguja, alikuwa na umri huo alipotoka eda. Jumamosi ya kwanza aliyoalikwa arusini alifanya kama alivyofanya siku zote za uhai wake. Alikoga, akazifukiza nguo, akachana nywele zake zilizoiva kwa hina hata mvi zikawa na rangi ya shaba, akatia wanja. Binti yake aliyekuja kumchukua alisimama mlangoni.

"Mama, huo wanja si mwingi?"

"Ni ule ule, mwanangu."

"Lakini watu watasema."

"Watasema nini? Kwamba nina macho?"

Binti hakujibu. Njiani hakuzungumza, na walipofika ukumbini alimtafutia mama yake kiti nyuma, karibu na nguzo, alipodhani hataonekana sana. Mama alikaa. Haukupita muda mrefu wanawake wa rika lake wakamfuata huko huko nyuma, mmoja mmoja, mpaka pembe ile ya ukumbi ikawa ndiyo inayonukia kuliko nyengine zote.

Aliyemstahi mama yake siku ile hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na hofu, na hofu yake ina jina: mtu mzima ovyo. Ni tusi fupi, na limewavua wanawake wengi mapambo yao bila ya kadhi wala hukumu. Ajabu yake ni kwamba wanaolitumia huliegemeza kwenye dini, ilhali dini imesema jengine. Aya ya sitini ya Surat An-Nur inawataja wanawake waliokaa, wasiotaraji tena kuolewa, na inawapunguzia wao, si vijana, uzito wa nguo ya juu, kwa sharti la kutodhihirisha mapambo. Kisha inasema kujistahi ni bora kwao. Hata hivyo ni wazi kwamba umri umefanywa sababu ya wepesi. Pwani yetu imeipindua: kadiri mwanamke anavyozeeka ndivyo anavyoongezewa vitambaa na kupunguziwa rangi, kana kwamba miaka ni dhambi inayohitaji kusitiriwa. Na arusini, ndani ya ukumbi wa wanawake watupu, wanja wa bibi unamdhuru nani?

Iko sababu nyengine ya bibi kuonekana hana pambo, nayo haina uhusiano na aibu. Dhahabu yake imekwenda. Kwa mwanamke wa pwani bangili haikuwa pambo peke yake. Ilikuwa benki isiyo na mlango. Mtoto wa kwanza alipoingia skuli ya mbali, kidani kilikwenda kwa sonara. Mume alipolazwa, zilifuata bangili mbili. Binti alipoolewa, mama alivua vilivyobaki akamvisha yeye, na wageni wakasifu namna biharusi alivyometa bila ya kutazama mikono ya aliyemzaa. Akifika hamsini, aghalabu mwanamke amebaki na kipini na pete moja, na kwa wale wa Lamu na visiwa vyake, wale wa zamani hasa, matundu ya masikioni yaliyokuwa yakibeba majasi. Matundu hayazibi. Yeyote anayesema bibi hana mtindo na atazame masikio yake kwanza.

Kwa hiyo mtindo wa mtu mzima umehama kutoka katika vitu vya kuuzika na kuingia katika vitu vya ujuzi, na hapo ndipo bibi huwashinda vijana. Chukua kanga. Ilipopigwa marufuku biashara ya watumwa, na utumwa wenyewe ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake waliokuwa wakivaa merikani na kaniki waliikimbilia kanga, kwa kuwa nguo yenye rangi na ua ilitangaza kwamba mvaaji hana bwana. Katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20 kanga zikaanza kuandikwa maneno, kwanza kwa hati za Kiarabu, baadaye kwa za Kilatini. Tangu hapo kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, na mwanamke huchagua kwa yote matatu. Kijana huanza na rangi. Mtu mzima huanza na jina.

Na jina lina umri wake. Yale ya kumpiga vijembe mke mwenza au jirani mwenye husuda yanamkaa vizuri mwanamke wa miaka thelathini ambaye bado ana vita vya kupigana. Mtu mzima akiyavaa anaonekana amechelewa kumaliza ugomvi. Yeye hutafuta maneno ya shukurani, au dua, au yale yenye makali yaliyofunikwa, ambayo anayehusika atayaelewa na asiyehusika atayasoma kama methali tu. Wastara hazumbuki, kwa mfano, ni jina ambalo binti huliona la kizee na bibi huliona limetimia. Tena kuna suala la wapi jina liangukie. Mwenye kujua hupinda kanga yake na kuivaa ili maneno yakae nyuma, sawasawa, yasomeke na wanaobaki baada ya yeye kupita. Anayejifunga ovyo huyapeleka maneno ubavuni, yakakatika katikati ya sentensi. Ufundi huu haukuandikwa popote. Unaonwa, na ukikosa wa kumwona huupati.

Vivyo hivyo kwa harufu. Manukato ya chupa yananunuliwa na kila mwenye pesa. Kuvukiza nguo kwa udi ni kazi nyengine: moto wa makaa usiwe mkali, chetezo kisiwe karibu mno, nguo itandazwe ili moshi uingie bila ya kuunguza, kisha ikunjwe ikiwa bado na joto ili iushike. Kikuba kina hesabu yake pia, asmini ngapi kwa mrehani kiasi gani, na saa ya kukifunga, maana asmini hufunguka usiku na anayekifunga mapema mno huingia arusini na maua yaliyochoka. Mwanamke wa miaka sitini anayajua haya kama anavyojua jina lake. Ukimkataza kujipamba humnyimi yeye peke yake. Wajukuu nao hawatakuwa na wa kumtazama.

La baibui halina mengi. Lile la kamba, lililofungwa kichwani na kuanguka mpaka miguuni, limekwisha, na hakuna anayelililia kwa dhati, kwani lilikuwa zito na la joto. Baibui la leo huja kutoka Dubai au hushonwa hapa hapa kwa kuiga ya Dubai, lina vijiwe mikononi na mikunjo ya kila namna. Linampendeza kijana, na linampendeza mtu mzima vilevile, ingawa wauzaji huonekana wameamua kwamba aliyevuka hamsini anataka jeusi tupu lenye upana wa hema. Ni jambo dogo, lakini mwenye duka angekaa siku moja akasikiliza namna wanawake wa umri huo wanavyoteta juu ya mikono ya nguo, asingerudia kosa hilo.

Kama anatafutwa wa kumtolea mfano, watu watamtaja Bi Kidude, na si vibaya, japo kwa sababu wasizozidhania. Fatuma binti Baraka alipopewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005 alikuwa ajuza ambaye hakuna aliyeweza kuitaja kwa yakini tarehe yake ya kuzaliwa, na alipofariki Aprili 2013 mji mzima ulimsindikiza. Wengi hukumbuka sigara na sauti. Lakini Bi Kidude alikuwa pia nyakanga, mwalimu wa unyago, na kazi ya nyakanga ni kuwafunza wanawali mambo ya mwili, usafi na pambo. Yaani jamii ile ile inayomwambia bibi ajifiche ndiyo iliyompa bibi kazi ya kumfunza mwari namna ya kupendeza. Haiwezekani aliyekabidhiwa ufunguo awe hana ruhusa ya kuingia ndani. Wahenga walisema ng'ombe hazeeki maini, na waliosema hivyo bila ya shaka walikuwa wazee.

Haimaanishi kwamba kila wanja ni mzuri kwa kila jicho. Ziko dawa za kujichubua ambazo wanawake wa makamo hupaka kwa kukimbia rangi ya umri, na zenye zebaki huingia mwilini na kudhuru figo. Ipo piko ya dukani, ile rangi nyeusi ya nywele inayopakwa hata mikononi, ambayo huwatoa baadhi ya watu malengelenge kwa kemikali iliyomo. Huko ni kuukana umri, nako kuna aibu zaidi kuliko wanja wowote. Hina iliyotiwa kwenye mvi haidanganyi mtu. Kila aionaye anajua chini yake kuna nywele nyeupe, na mwenye nywele anajua kwamba wanajua.

Yule mwanamke wa Vikokotoni hakuwahi kumjadili binti yake juu ya jambo hili. Miezi mitatu baada ya ile arusi alikwenda Darajani kununua kanga. Alikaa juu ya kigoda dukani muda mrefu, akifunuliwa doti moja baada ya moja, akisoma kila jina kwa sauti ya chini na kutikisa kichwa. Muuza duka, kijana wa rika la wanawe, alimletea ya zambarau iliyofifia, akimwambia, "Hii inakufaa, bibi, imetulia." Aliirudisha. Alichukua doti tatu. Moja ilikuwa nyeupe yenye pindo jeusi, ambayo aliiweka chini ya sanduku bila ya kuikata, pamoja na sabuni na karafuu maiti, kwa ajili ya siku yake. Moja alimpelekea binti. Ya tatu ilikuwa ya manjano iliyoiva, yenye mikorosho mikubwa myekundu, na hiyo aliipeleka kwa fundi jioni ile ile, akataka ipindwe mara moja kwa sababu Alkhamisi kulikuwa na maulidi.