Steringi Yangu Ilikuwa na Uvivu, na Ni Mimi Niliipea

Wasee, kuna siku nilikuwa nimeshapiga picha za steringi yangu ili niiuze. Bei nimeandika, imebaki kubonyeza tu. Hii ni stori ya vile sikuiuza, na ndani yake kuna setingi nne za kukusaidia kama gari yako kwa gemu inageuka kama punda aliyechoka.

Kwanza ujue steringi ilitoka wapi. Mwaka jana niliacha chuo. Sitadanganya eti nilikuwa na mpango. Karo ilikuwa imekwama, kozi nilikuwa siipendi, na video zangu za gemu zilikuwa zimeanza kuniletea kitu kidogo. Hicho kitu kidogo nikakichanga, nikanunua Logitech G29 ya mtumba. Baba ameendesha lori miaka ishirini na kitu. Alipoiona mezani hakusema neno, alipita tu akaenda kulala. Kwetu Baba akinyamaza hivyo, ni afadhali angekugombeza.

Gemu ninayocheza sana ni EA Sports WRC, ile ya 2023. Iko na Safari Rally yetu, vumbi ya Naivasha na kila kitu. Nilikuwa nimewaahidi video ya steji ya Malewa bila kugonga kitu. Wiki mbili najaribu. Kila kona ni yale yale: nakata kushoto, gari inaendelea mbele kama haijanisikia, naongeza, halafu ghafla inakata yote kwa mara moja na tunaingia porini. Nikalaumu steringi. Nikalaumu aliyeniuzia. Usiku nikaanza kulaumu mikono yangu, na ukishafika hapo, unalaumu hadi ile siku ulibeba godoro ukatoka hosteli.

Jumapili moja Baba akaingia kutafuta chaja. Akasimama nyuma yangu, akaniona nikigonga mti.

"Hebu toka," akasema.

Akaketi. Hata hakukanyaga mafuta. Gari ikiwa imesimama, akashika steringi kwa vidole viwili, akaitingisha kidogo kushoto, kidogo kulia, akiangalia mikono ya yule dereva wa kwenye skrini.

"Hii steringi inacheza. Mimi nazungusha, dereva wako amelala. Ingekuwa lori yangu singetoka nayo Mlolongo. Tairodi zimeisha."

"Baba, hii ni gemu. Haina tairodi."

"Basi tafuta mahali imeweka zake."

Akachukua chaja akaenda. Nikafungua setingi, na hapo ndipo nikaona aibu.

Kabla ya steringi nilikuwa natumia padi kuukuu. Kijiti chake kilikuwa kimechoka, ukikiachilia gari inavuta upande yenyewe. Dawa yake ni dedizoni, yaani ile sehemu ya katikati ambayo ukisogeza, gemu inajifanya haijaona. Niliweka asilimia 10. Steringi ilipokuja, nikanakili namba zangu zote za padi kwa sababu nilikuwa nimezizoea. Sasa piga hesabu. Steringi nimeiweka izunguke digrii 540, yaani 270 kila upande. Asilimia 10 ya 270 ni 27. Nilikuwa nazungusha digrii 27 za bure kabla gemu iamke! Kwa kijiti kifupi cha padi huoni hiyo hasara. Kwa steringi, umeshapita kona. Kwa hivyo ya kwanza: dedizoni weka 0.

Ya pili ni lineariti. Kwa padi niliipinda ili katikati iwe pole, maana kidole gumba hakina adabu. Kwa steringi, hiyo ndiyo ilikuwa inafanya gari inyamaze halafu ikate ghafla. Irudishe vile ilikuja, mkono ukisogea kidogo gari isogee kidogo.

Ya tatu ni ile nguvu inayorudi mikononi. Niliipandisha hadi mwisho nikidhani nguvu nyingi ni habari nyingi. Hapana. Mota ikishafika kikomo, jiwe dogo na shimo kubwa vinakuja na uzito mmoja. Nikaishusha polepole hadi nikaanza kusikia tairi ikiteleza kabla sijaona kwa macho.

Ya nne wengi hawaiangalii: skrini. Mimi natumia TV, na TV nyingi huchelewesha picha zikiipamba. Washa gemu modi. Ukienda kilomita 100 kwa saa, gari inakula karibu mita 28 kila sekunde. Picha ikichelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde, hiyo ni karibu mita 3 ambazo umeenda kama kipofu.

Badilisha kitu kimoja, rudia kona ile ile na gari ile ile, ndio uende kwa kingine. Na usichanganye wepesi na utiifu. Kuna wasee hupunguza mzunguko hadi digrii 200 ndio gari "isikie haraka." Inasikia, lakini sasa inasikia hata ukikohoa, na kwa barabara nyoofu unaenda kama nyoka.

Jioni nikamwita Baba. Akatingisha tena na vidole viwili. "Sasa," akasema. Halafu akaendesha Malewa yote kwa mwendo wa lori yenye mzigo, kilomita 40 hivi, akiinama kwa kila shimo. Hakugonga kitu. Ile video niliyowaahidi, wa kwanza kuifanya ni yeye, na sikuwa narekodi.

Mambo ya chuo bado hatujaongea. Najua siku yake inakuja, na sina jibu zuri. Lakini aliposimama aliniuliza steringi ilinigharimu pesa ngapi, nikamwambia ukweli. Akatikisa kichwa. "Na ulikuwa unaendesha ikiwa hivyo wiki mbili bila kuangalia?"

Nilifuta zile picha usiku huo. Yako ikikusumbua, kabla uitafutie mnunuzi, simamisha gari kwanza. Itingishe na vidole viwili uone nani amelala.